Orrin Tveit, Mtu Aliyeshuku Kila Ganda

Leo ni Ijumaa, tarehe 13 Desemba. Ni mwaka wa tisa tangu nilipoondoka kwetu pwani ya Louisiana, na ni siku ya mwisho ya Orrin Tveit katika karakana ya Redfern, baada ya miaka thelathini na minne ya kujaza risasi. Miaka yote hiyo ameketi kwenye kiti kimoja, ubavu wake ukielekea mlangoni, ili aone nani anaingia, nani anatoka, na ametoka na nini.

Bi Marlys Redfern, mwenye karakana, ndiye aliyeniomba niandike maneno haya ya kumuaga. Nilimuuliza kwa nini mimi, wakati Darla Pickens wa kuosha maganda amekaa hapa miaka mingi kunishinda, na mwandiko wake unasomeka. Akanijibu, "Kwa sababu wewe ndiye uliyemchukia kuliko wote." Nimeligeuza jibu hilo wiki nzima na bado sijui alikuwa na nia gani. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, nikaingia kwenye mashua ya baba kuvua kamba, kwa hiyo atakayetafuta maneno ya kupamba hapa hatayapata. Ila nitasema kweli, maana Orrin atakaa mstari wa mbele na atasikiliza kila neno akitafuta uongo.

Orrin alizaliwa katika bonde hili hili la Montana, kwa watu walio na asili ya Norway, watu ambao hawafungui mdomo kama kutikisa kichwa kunatosha. Ujana wake aliumalizia msituni akikata magogo. Kiwanda cha mbao kilipofungwa, marehemu Gene Redfern, mume wa Bi Marlys, alimchukua wakajaze risasi pamoja kwenye banda la gari nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza, hadithi inasema, Orrin alimwomba Gene amwonyeshe hati ya kuthibitisha kwamba banda ni lake.

Kwa mgeni atakayesoma haya nieleze kazi yetu kwa kifupi. Walenga shabaha wa bonde hili hawatupi maganda ya risasi walizopiga. Wanatuletea. Darla anayaosha. Mimi nayapitisha kwenye moto ili shaba ya shingoni, iliyokakamaa kwa kupigwa, ilainike tena. Halafu yanabanwa kwenye kalibu yarudie umbo lake, yanatiwa baruti, na mwisho anakuja mtu wa kukandamiza kichwa cha risasi kiingie shingoni. Mtu huyo ni Orrin. Shingo ya ganda ndiyo inayokishika kichwa, na kazi nzima imejificha hapo. Ganda moja likibana sana na jingine likilegea, vichwa vinatoka kwa kasi tofauti, na kwenye shabaha iliyo umbali wa yadi elfu, kimoja kinapita juu ya ubao na kingine kinachimba udongo. Mlengaji ni yule yule, bunduki ni ile ile, ila anarudi nyumbani amenuna.

"Shingo ya ganda ni kama mama mkwe," Orrin aliniambia siku yangu ya kwanza. "Akikubana sana, taabu. Akikuachia sana, pia taabu, maana hujui anapanga nini. Unachotaka ni akubane leo kama alivyokubana jana, basi."

"Wewe mama mkwe wako yuko hai?" nikamuuliza.

"Kwa nini unataka kujua?" akasema, na hakuongea nami tena mpaka jioni.

Ndivyo alivyo. Orrin ameshuku shaba ya kila kiwanda, hata maganda yenye mhuri mmoja yaliyotoka katika boksi moja. Ameshuku baridi, ameshuku joto la jiko la kuni, ameshuku sabuni. Chakula chake cha mchana, nyama kavu ya kulungu na mkate, anakuja nacho kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba, na fundo lake ni la aina ambayo hakuna mwingine anayeweza kulifunga. Siyo kuzuia mtu asiibe. Ni kujua kama ameiba.

Darla ana kisa chake. Mwaka mmoja kabla sijafika, aliosha maganda kwa maonyesho ya wilaya, na akataka yang'ae nje na ndani. Akayazungusha kwenye pipa lenye visindano vya chuma mpaka shingo zikawa safi kama kijiko kipya. Orrin alipokandamiza vichwa, vingine viliingia kwa kukwaruza, vingine vikagoma, kana kwamba kuna gundi. Alinusa lile boksi lote, ganda kwa ganda, kisha akamwendea Darla.

"Masizi yangu umeyapeleka wapi?"

"Uchafu wako, unamaanisha."

"Masizi kidogo ndani ya shingo ni mafuta, mama. Kichwa kinateleza juu yake. Umeniondolea mafuta, sasa shaba inang'ang'ania shaba. Nani alikutuma?"

"Nani anitume? Macho yangu!"

Siku iliyofuata visindano vile vilikuwa vimetoweka. Mpaka leo Darla anavitafuta, na mpaka leo Orrin anasema hajui. Tunamwomba, kama zawadi ya kuaga, aseme alikovificha.

Namna Orrin alivyofanya kazi ndiyo sheria ya karakana hii. Anashika mpini wa mashine ndogo ya mkono, anakandamiza kichwa taratibu, na mkono wake unasikia shingo inavyokipokea. Iliyobana sana anaiweka sinia la kushoto. Iliyolegea sana anaiweka la kulia. Zinazofanana zinakwenda sinia la kati, kisha kwenye boksi ambalo anaandika herufi O kwa penseli juu ya kifuniko. Watu hawaji Redfern kununua risasi. Wanakuja kununua boksi lenye O. Vonda Kessel, mwanamke anayelenga kuliko wanaume wote wa bonde hili, ameshinda ngao ya jimbo mara tatu kwa maboksi hayo, na ngao moja ametuachia, iko ukutani juu ya meza ya kahawa. Siku ya kupiga picha Orrin alimuuliza mpiga picha nani ataiona. Aliposikia gazeti, akatoka nje kwenda kukagua matairi ya gari lake.

Hakuna anayeruhusiwa kukaa kwenye mashine ile bila kupita kwenye kitambaa. Ni leso nyekundu ya marehemu Gene, iliyochujuka. Unafungwa macho mbele ya wote wakati wa kahawa ya asubuhi, unapewa maganda matatu, moja limelegea, moja la kati, moja limekaza, yamechanganywa. Unakandamiza vichwa kisha unasema lipi ni lipi. Nilishindwa mwaka wa kwanza. Nilishindwa mwaka wa pili. Orrin hakucheka. Aliniambia tu, "Mkono wako umezoea nyavu, Kambale. Unavuta kabla ya kusikiliza."

Kambale ndilo jina langu hapa. Jina langu la haki ni Remy Guidroz, lakini walipojua natoka kwenye vinamasi vya kusini hawakutaka kujua zaidi. Nilikuja huku baada ya tufani kuichukua mashua yetu na kuipandisha juu ya paa la kanisa. Orrin hakuliamini hilo. Hakuamini pia kwamba kwetu kuna kamba wakubwa kama kiganja.

"Kiganja cha nani?" aliuliza.

"Chako hicho."

"Kambale, mimi ni mtu mzima."

Tulibishana juu ya kamba miaka minane. Nilimwonyesha picha. Akasema picha inaweza kufanywa chochote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bi Marlys alisema nisiliandike, kisha jana akasema niandike, na Orrin mwenyewe akasema, "Usipoandika hilo, nitajua umeandika uongo."

Majira ya kuchipua yaliyopita yule aliyekuwa kwenye moto alihamia mji mwingine, nami nikapewa mashine ya kulainisha shaba. Ni kazi nzuri. Unakaa kwenye joto, maganda yanapita kwenye ndimi za moto, shingo zinapata rangi kidogo, yanadondoka kwenye sinia. Kabla sijamaliza hata msimu mmoja, siku ya Jumatatu asubuhi, Vonda Kessel aliingia na maboksi manne yenye O, akayaweka juu ya meza ya Bi Marlys kwa kishindo.

"Zinapanda na kushuka," alisema. "Moja juu, moja chini. Nimepiga na bunduki mbili, nimempa mume wangu apige, hali ni ile ile. Nani amebadilika humu ndani?"

Macho yote yalinigeukia. Aliyebadilika alikuwa mimi.

Wengine nao wakaanza kurudisha. Bi Marlys alinipeleka nje, karibu na rundo la kuni. "Kambale, sikulaumu," alisema, na mtu akianza hivyo ujue unalaumiwa. "Lakini moto ni wako. Ukilainisha moja sana na jingine kidogo, shingo haziwezi kubana sawa. Nakupa mpaka msimu wa kuwinda kulungu ufunguliwe. Vonda akiondoka, wataondoka wote, na mimi sina cha kumlipa mtu yeyote."

Kazi yangu ndiyo ilinipa pia chumba cha juu ya ghala. Ningepoteza vyote viwili siku moja, mwanzo wa baridi, mbali na kwetu.

Nilikagua moto wangu mpaka macho yakauma. Nilibadili mitungi ya gesi. Niliweka maganda kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya jingine, na rangi ya shingo zote ilikuwa moja. Kama kosa halikuwa langu, basi kuna mtu. Nikaanza kuwatazama watu. Nilimshuku Darla kwamba amepata visindano vyake. Nilinusa pipa lake alipokwenda msalani, na aliponikuta pale akasema, "Sasa na wewe umekuwa Orrin!" Nilimshuku Bi Marlys kwamba anatafuta sababu ya kunipunguza. Lakini niliyemshuku kuliko wote ni Orrin mwenyewe.

Nilikuwa na sababu. Mpwa wake hakuwa na kazi, na mara mbili nilimsikia akimwambia Bi Marlys kwamba kijana huyo ana mikono mitulivu. Pili, Orrin alikuwa akibaki nyuma wakati wa kahawa na kuzunguka mashine yangu. Tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi, alikuwa amegeuka akawa mwema. Zamani, kazi yangu ilipokuwa kumbebea maganda yakiwa bado na moto kutoka kwenye mashine, akigusa moja alikuwa anaruka, "Lo! Unataka kuniunguza, ewe samaki wa tope?" na kunitupia ganda hilo. Mwaka huu alikuja, akachota maganda ya moto mkono mtupu, akayatazama kwenye mwanga, akayarudisha bila neno. Siku moja nilimwonya, "Mzee, ya moto hayo." Akasema, "Yako sawa." Nikajiambia mtu huyu ananificha kitu. Mtu aliyenitukana miaka minane hawezi kuacha hivi hivi. Ameshaamua naondoka, sasa ananionea huruma.

Kulikuwa na kitu kingine pia. Mwaka jana Bi Marlys alinunua kipimo kipya, saa yenye mshale ya kufungwa juu ya ile mashine ya mkono. Mshale unaonyesha nguvu inayotumika kukandamiza kila kichwa. Orrin alikijaribu asubuhi moja. Kikasema tofauti na mkono wake. Orrin akasema kimeharibika. Kikarudishwa kiwandani, kikaja kingine, nacho kikapingana naye. "Mshale hauna damu," Orrin alisema, akakivisha kofia yake ya zamani ya msituni, na hakuna aliyekigusa tena. Sisi sote tuliafiki. Mkono ule ulikuwa umeleta ngao tatu. Kipimo kilikuwa kimeleta nini? Mtu wa mahali pengine angetazama mshale. Sisi tulitazama kofia tukanywa kahawa.

Wiki moja kabla ya msimu wa kulungu, kwenye sinia langu niliona ganda lenye nukta nyekundu chini, ndogo kama punje ya mtama. Nikachambua nikaona jingine, na jingine. Ilikuwa rangi ya kucha. Anayepaka kucha hapa ni Darla peke yake. Nilikwenda kwake na ganda mkononi.

"Hii nini?"

Darla akatazama, akaona haya. "Aliniomba chupa yangu. Orrin. Akasema nisikuambie."

Damu ilinipanda. Nilimfuata Orrin palepale kwenye kiti chake. "Mzee, unanitegea mtego?"

"Ndiyo," akasema. Hakuinua hata macho.

"Unasema ndiyo?"

"Umeuliza, nimekujibu. Nimeyatengeneza hayo maganda mwenyewe nyumbani, yote sawa, kwenye moto wangu. Nimeyachanganya na yako. Yangu yakibana vizuri, na yako yakigoma, ni wewe. Rudi kwenye moto wako."

"Na yakiwa sawa yote?"

"Basi ni Darla."

"Nimekusikia!" Darla akapaza sauti kutoka kwenye pipa.

"Nilitaka usikie," akasema Orrin.

Siku hiyo sikula. Nilikaa kwenye mashine yangu nikimtazama kwa pembe ya jicho akikandamiza vichwa, taratibu, uso kama ubao, kushoto, kati, kulia, kati, kati, kushoto. Alipomaliza alianza kugeuza risasi juu chini kutafuta nukta zake. Nilisubiri aniite. Hakuniita. Aliangalia sinia la kati, akaangalia la kushoto, akaangalia la kulia. Akarudia. Nilisogea kujifanya nachukua koleo nikaona. Nukta nyekundu zilikuwa kwenye masinia yote matatu.

Maganda yale alikuwa ameyatengeneza yeye mwenyewe yakiwa sawa. Na aliyeyatenganisha ni yeye mwenyewe.

"Umegusa masinia haya?" aliniuliza.

"Sijasogea. Umenitazama siku nzima."

"Nimekutazama siku nzima," akakubali, polepole. Akamwita Darla, akamuuliza kama amegusa. Darla akamwambia akamuulize shetani. Orrin akaweka mikono juu ya magoti, na nilimwona akifanya jambo ambalo sikulielewa. Alikuwa anasugua ncha za vidole kwa kidole gumba, moja moja, kama mtu anayehesabu, lakini hakuwa anahesabu.

Asubuhi iliyofuata, kahawa ilipomiminwa, Orrin alikwenda kwenye msumari wa ukutani akaitoa leso nyekundu ya Gene.

"Nani anapimwa?" Bi Marlys aliuliza. "Hatujaajiri mtu."

"Mimi," akasema Orrin. "Darla, nifunge. Kaza."

Darla alicheka kwanza. "We babu, utatupotezea asubuhi."

"Kaza, nimekwambia, naona mwanga."

Darla akamfunga. Nikapewa mimi kazi ya kuchanganya maganda matatu, lililolegea, la kati, lililokaza. Orrin akakandamiza la kwanza. La pili. La tatu. Tungeweza kusikia kuni zikipasuka jikoni.

"Limelegea, limekaza, la kati," akasema.

Alikosea yote.

"Mbona mmenyamaza?"

"Orrin," Bi Marlys alianza.

"Changanya tena, Kambale. Na usinionee huruma, nitajua."

Nikachanganya tena. Akakosea tena. Mara ya tatu alipatia moja, na nadhani lilikuwa la kubahatisha, na nadhani alijua. Akavua leso mwenyewe, akaikunja vizuri mara nne kama nguo ya kanisani. Kisha akaweka kiganja chake mezani, wazi, tukaona. Ncha za vidole viwili zilikuwa na malengelenge ya zamani, yaliyokauka, ya kuungua. Hapo ndipo nilipokumbuka maganda ya moto. Hakuwa amegeuka mwema. Hakuwa anasikia moto.

"Tangu lini?" Bi Marlys alimuuliza.

"Sijui. Nilimshuku kila mtu humu ndani. Nilishuku shaba. Nilishuku moto wa huyu kijana mpaka nikapaka rangi za kucha kama msichana." Akanitazama. "Moto wako uko safi, Kambale. Mwizi alikuwa kwenye mkono wangu."

Akasimama, akakiendea kipimo, akaivua ile kofia, akaivaa kichwani. Akakifuta vumbi kwa leso ya Gene. "Hebu tumsikilize huyu asiye na damu," akasema.

Siku hiyo hiyo yale maboksi ya Vonda yalivunjwa, vichwa vikang'olewa, na mimi na Orrin tukayapitisha upya, mshale ukitazamwa. Vonda alipiga Jumamosi. Alirudi akaweka ubao wake wa shabaha mezani, matundu yote yamekaribiana kama kunguru juu ya waya. Bi Marlys hakuniambia chochote kuhusu msimu wa kulungu. Aliniletea tu pai la matunda ya mlimani, na nikalikagua kabla ya kulila, maana tabia ya mahali hukuambukiza.

Daktari alimwambia Orrin kwamba mishipa ya fahamu ya vidole imechoka na haitarudi. Orrin alikwenda kwa daktari wa pili kuhakikisha kwamba wa kwanza si mwongo. Kisha akatangaza tarehe ya leo.

Lakini hakuondoka. Toka siku ile mpaka jana alinikalia ubavuni kwenye kiti cha mbao, nami nikawa kwenye kiti chake. Nikitegemea mkono wangu, aliniuliza mshale unasema nini. Nikitegemea mshale, aliufunika kwa kofia na kuniuliza mkono unasema nini. Nilipokasirika akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwa chaki juu ya dirisha, na naomba asiyafute yeyote: "Usiamini mkono, usiamini mshale. Waache washitakiane. Wewe kaa katikati." Mwezi uliopita alinifunga ile leso, nikakandamiza matatu, nikapatia yote. Akachanganya tena, nikapatia. Akamgeukia Darla na kumuuliza kama ameninong'oneza.

Maboksi sasa yanaandikwa R. Vonda alilitazama la kwanza muda mrefu, akalinusa, akalichukua.

Bi Marlys, sasa najibu lile neno lako. Ni kweli nilimchukia. Nilimshuku mtu ambaye angeweza kunyamaza, nami ningekuwa barabarani na begi langu, na hakuna ambaye angejua. Kipimo kilikuwa chini ya kofia yake, na sote tulikuwa tayari kuamini kwamba kosa ni la mgeni. Yeye peke yake ndiye aliyeendelea kushuku mpaka akajifikia. Nimefanya kazi kwenye mashua, kwenye visima vya mafuta na kwenye machinjio, na nimeona watu wengi wakimtafuta mkosaji. Wote walisimama hatua moja kabla ya mlango wao.

Mzee Orrin, asante kwa kukuza mkono wangu. Asante kwa matusi, na asante kwa mtego. Zawadi yako iko mezani. Usiitikise. Tumeifunga kwa fundo lako mwenyewe, Darla alilisomea kwa siri muda mrefu mpaka akaliweza, kwa hiyo huwezi tena kujua kama kuna aliyeifungua. Karakana ya Redfern inakuombea miaka mirefu, usingizi mzito, na majirani wachache. Siku zako ziwe za kufanana, zikubane sawa, leo kama jana.

Mimi mwenyewe narudi kwetu pwani, ila nitakaa kwenye kiti hiki mpaka apatikane mwingine wa kupita kwenye leso, na Bi Marlys ameahidi kwamba haitazidi Pasaka. Mama yangu huko Louisiana, ukisomewa haya na dada, nitakuwa nyumbani katikati ya Mei, msimu wa kamba utakapofunguliwa. Tandika kitanda cha pili. Nakuja na mzee mmoja anayesema hakuna kamba mkubwa kama kiganja, wala haamini picha. Usiwapike kabla hajafika. Anataka kuwaona wakitoka majini, na atataka kujua maji hayo ni ya nani.